Kilio cha Mama wa Ayalandi

Mwezi uliopita nilikaa kanisani na koti langu sikulivua. Ilikuwa Misa ya shukrani ya jumuiya yetu ya Kiswahili hapa Birmingham, ile inayosomwa mara moja kwa mwaka, ambapo mwenyekiti husimama mbele na karatasi na kuwataja waanzilishi, walio hai na waliolala. Nyanya yangu ana miezi minne tangu afariki. Nilikwenda kusikia jina lake tu, sikuwa na haja nyingine. Mwenyekiti alisoma majina saba, yote ya wanaume, akakunja karatasi, akasema amina, na kwaya ikaanza. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira, na ninapoandika haya bado ninayo.

Mimi sikusoma sana. Ninafanya kazi jikoni katika shule moja, naosha masufuria makubwa kuliko mimi. Lakini kuna mambo niliyaona kwa macho yangu nikiwa na miaka kumi, na nisipoyasema mimi sijui nani atayasema.

Kama uliishi Castle Vale miaka ile ya elfu mbili, utakumbuka jinsi maghorofa yalivyokuwa yakibomolewa moja baada ya jingine, na vumbi lake lilivyokuwa likikaa juu ya madirisha yetu. Mtaa ule ulijengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani. Nyanya alipoelezwa hivyo na mwanamke aliyetuletea funguo za nyumba, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alisema tumetoka Kivu kwa miguu, tumelala kambini miaka sita, na sasa tumepangishwa kwenye uwanja wa ndege, basi ndege ikija tutakuwa wa kwanza kupanda.

Nyumba yetu ilikuwa na sebule ndogo yenye zulia la rangi ya chai. Humo ndimo jumuiya ilimoanzia. Watu walikuwa hawaelewi Misa ya Kiingereza, na wazee walikuwa wanarudi nyumbani bila kuungama kwa sababu hawakuwa na maneno ya kuungamia. Nyanya alisikia kwamba kuna padri Mkongomani anayesoma chuo hapa mjini. Alimtafuta kwa kuuliza watu kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, Jumamosi tatu mfululizo, mpaka akampata akinunua ndagala, dagaa wa kwetu. Jumapili iliyofuata padri alikuja kwetu. Hatukuwa na meza, kwa hiyo Misa ya kwanza ya Kiswahili niliyoiona Birmingham ilisomwa juu ya ubao wa kupigia pasi. Nyanya aliutandika kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe kambini, chenye zabibu na ngano pembezoni, na ubao ukawa altare. Mimi niliambiwa nishike mguu mmoja wa ubao ule usiteleze wakati wa mageuzo.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili alasiri kochi letu lilitolewa nje na kusimamishwa wima kwenye korido. Watu walikuja kwa basi mbili kutoka Ladywood, wengine kwa treni kutoka Acocks Green, wakiwa na watoto wamefungwa skafu mpaka puani. Viatu vilijaa bafuni. Kazi yangu ilikuwa kufuta madirisha, maana pumzi za watu arobaini zilikuwa zinatiririka kwenye kioo kama mvua ya ndani. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kumsaidia nyanya kufua kitambaa. Alikifua kwa mkono, halafu akakitia wanga wa unga wa muhogo uliopikwa mwepesi sana, akakipiga pasi kingali kibichi. Harufu ile ya muhogo na mvuke, mpaka leo, ndiyo harufu ya Jumapili kwangu. Baada ya Misa walikula. Bugali, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese, maharagwe, chai ya maziwa iliyotokota mpaka ikawa nzito. Hakuna aliyewahi kuondoka nyumba ile na njaa, na nyanya alikula mwisho, amesimama, mgongo umeegemea friji.

Baadaye parokia moja ilitupa muda wa saa moja kila Jumapili alasiri katika kanisa lake, tukahama. Ikaundwa kamati, na kamati ikapata mwenyekiti, mwanamume mwenye sauti nzuri na suti ya kijivu, ambaye watu walimwita Papa Prezida. Nyanya hakuingia kwenye kamati. Alipewa ufunguo wa sakristia, akaendelea kufua kitambaa chake, na kwa kweli alifurahi. Sikuwahi kumsikia akidai kitu.

Mwaka huohuo nilikuwa na mwalimu mwanamke kutoka Ayalandi. Alikuwa mzee kidogo, mwenye nywele fupi za mvi, sweta ya vifungo na miwani yenye mkufu, na alitusimulia habari za nyumbani kwake kila mvua ilipotuzuia kutoka kucheza. Alisema karibu na shamba la baba yake kulikuwa na magofu ya nyumba ya watawa, kuta tu na mnara usio na paa, na yeye na ndugu zake walicheza kibemasa, kujificha na kutafutana, humo ndani. Nyumba ile ilijengwa na mwanamke mmoja zaidi ya miaka mia tano iliyopita, mke wa bwana mkubwa wa sehemu zile. Mume alikuwa hatulii, leo vita huku, kesho kule. Mwanamke ndiye aliyewaita watawa, akatoa ardhi aliyotoka nayo kwao, akawaleta waashi, akawalisha mpaka paa likafunikwa. Alitoa kikombe cha fedha cha Misa, na nguo yake ya harusi ikashonwa kuwa vazi la padri. Aliomba kitu kimoja tu: kila mwaka, siku ya kufa kwake, watawa wamtaje kwa jina na kumwombea.

Halafu mwalimu akasema jambo ambalo darasa zima halikulijali isipokuwa mimi. Kwenye ukuta wa magofu yale kuna jiwe limechongwa sura ya mume, na upanga, na jina lake. La mke hakuna. Wafalme wa Uingereza walipozifunga nyumba za watawa, wale watawa walifukuzwa, vitabu vikapotea, na siku ya mama yule ikaacha kutajwa. Wenyeji pale kijijini wanamwita tu "yule mama". Ng'ombe wa baba yake mwalimu walijikinga mvua pale alipozikwa.

Tulipewa kazi ya kwenda kumsimulia mtu nyumbani. Nilimkuta nyanya jikoni akikanda unga wa mandazi. Nilimsimulia nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto, naye alikuwa akinisahihisha kwa kunisukuma kiwiko. Nilipofika kwenye jiwe aliacha kukanda.

"Ngoja kwanza. Shamba ni la nani?"

"La mama."

"Na chakula cha mafundi?"

"Cha mama."

"Na waliandika nani?"

"Mume."

"Na bale batawa, baliacha kumuombea?" aliuliza, kwa Kiswahili chake cha Kivu ambacho "wa" huwa "ba".

Nikamwambia walifukuzwa, haikuwa kosa lao. Nyanya akapigapiga unga mikononi. "Kufukuzwa si sababu," alisema. "Hata sisi tulifukuzwa. Miye wafu wangu ninawataja kila siku, sijasahau hata mumoja." Alikuwa amekasirika kweli, kama vile mama yule ni wa mlango wa pili. Alikaanga mandazi yote bila kuimba, na unajua nyanya alikuwa mtu wa kuimba akikaanga.

Jumapili kabla ya Misa alimwendea padri na kumwomba amwombee mama mmoja marehemu. Padri aliuliza jina. Nyanya alisema jina hana. Padri alikuwa kijana mwenye haraka, aliandika kwenye kikaratasi, na kikasomwa mbele ya watu wote: tumwombee mama mmoja marehemu, kwa ombi la nyanya wetu wa Castle Vale. Basi. Tukaenda nyumbani.

Sasa, wewe unawajua watu wetu. Mtu akisomewa marehemu kanisani, huulizi pale pale nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Ni aibu. Unakwenda nyumbani kwake siku ileile, na chakula, unakaa chini, unalia naye kwanza, habari utazijua baada ya machozi. Na ile kwamba jina halikutajwa ilizidisha mambo. Watu walisema uchungu umemkaba mpaka ameshindwa kulitamka, basi huyo ni dada yake wa tumbo moja.

Saa kumi na moja hivi nilisikia kilio barabarani. Nilipofungua mlango, wanawake waliingia wakilia kwa sauti, mikono kichwani, wakipita kando yangu moja kwa moja hadi sebuleni. Nyuma yao wanaume na sufuria zimefungwa blanketi, na Papa Prezida na tai nyeusi. Jirani yetu Mwingereza alitoka kwenye ua wake akavua kofia. Nyanya alitoka jikoni na taulo begani. Aliwatazama, na niliona usoni mwake kwamba ameelewa kilichotokea. Lakini mtu anapolia nyumbani kwako humkatizi. Alikaa chini kwenye zulia katikati yao. Na kisha, hili niliapa nitalisema, yeye pia alilia. Alilia sana. Mpaka leo sijui alikuwa anamlilia nani. Alikuwa na wengi wa kuwalilia.

Walipotulia, mwenyekiti akasimama akakohoa. "Mama, pole sana. Sasa utuambie, ni nani tumepoteza?"

Nyanya akajifuta uso, akawaeleza. Aliwaeleza vizuri, tangu shamba mpaka jiwe. Kisha mama mmoja kutoka Uvira, aliyekuwa anafanya usafi hospitali na hakuwa na breki za mdomo, akauliza polepole, "Alikufa mwaka gani, umesema?"

"Miaka mia tano na kitu."

"Yesu wangu! Na miye nimelia mpaka wigi ikahama!" Akaishika wigi yake, kweli ilikuwa imefika sikioni. "Basi tumechelewa kidogo tu kwa kilio."

Watu waliangua kicheko, wengine machozi bado mashavuni. Nyanya mwenyewe alicheka akajificha kwenye taulo. Papa Prezida hakucheka.

"Muko munacheka nini?" alisema. "Miye nimemuomba bosi ruhusa, nimepanda basi mbili, kuja kulia muzungu wa zamani? Mama, unachezea Misa ya batu?"

"Sikuwaita kulia, Papa. Niliomba Misa."

"Na jina hauna! Kesho mutu akifiwa kweli, nani atakuja? Watasema labda ni mambo ya kale ya nyanya."

"Jina sina," nyanya alisema, na hakuinua sauti. "Njo maana nilimuombea. Benye majina beko na batu babo. Yule mama alijengea watu nyumba ya Mungu, bakakula kwake, bakalala kwake, halafu bakamusahau. Kama ni mchezo, nani alicheza?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na watoto wengine. Wao walikuwa wanacheka kwa Kiingereza, wakisema nyanya yangu amechanganyikiwa. Na mimi, nataka ujue, nilisema ndiyo, amezeeka. Nilisema hivyo ili wasinicheke. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na Kiingereza chake hakikuwa kibovu kiasi hicho.

Mwenyekiti alichukua koti lake akatoka bila kuonja chakula. Kwetu sisi, kutoka kwenye nyumba ya kilio bila kutia hata tonge mdomoni ni neno zito kuliko tusi. Mama wa Uvira alifunga mlango nyuma yake, akasema, "Bon. Machozi yamekwisha toka, hayarudi. Tumuombee huyu mama wa watu, halafu tule, sombe inapoa." Wakasali fungu moja la rozari kwa ajili ya mwanamke wa Ayalandi, wanawake ishirini kutoka Kivu waliokaa kwenye zulia la rangi ya chai. Sidhani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumfanyia hivyo tangu paa la nyumba yake lilipoanguka.

Kilichofuata kilifanyika polepole, na kwa upole, ndiyo maana kiliniudhi zaidi nilipokielewa. Kwanza kamati ilisema maombi ya marehemu yapitie kwa katibu. Halafu ufunguo wa sakristia ukaombwa, kwa sababu eti unatakiwa kukaa mahali pamoja. Halafu kitambaa. Walisema kimechakaa. Kilichakaa, ndiyo, kilikuwa kimebeba Misa ya miaka mingi, toka kambini. Walinunua cha dukani, cha nailoni, kinachong'aa, kisichohitaji pasi. Nyanya alikirudisha chake nyumbani kwenye mfuko wa plastiki. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amesimama jikoni na sufuria ya wanga mkononi, hajui aimwage wapi. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Walimwamkia vizuri kila Jumapili, "Shikamoo nyanya", na wakampisha kiti cha mbele, kama unavyompisha mgeni.

Ningependa kuishia hapo, hasira yangu yote iwe kwa wengine. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na mitano, kamati ilitaka historia fupi ya jumuiya iandikwe, isomwe kila mwaka kwenye Misa ya shukrani. Walitafuta kijana anayejua kuchapa na anayeandika Kiswahili bila makosa mengi. Walinichagua mimi. Nilijisikia mtu. Nilikaa maktaba ya mtaa mbele ya kompyuta, mwenyekiti kando yangu akitamka na mimi nikichapa. Alitaja wanaume saba. Kisha akasema, andika, "Jumuiya ilianzia katika nyumba moja ya Castle Vale." Vidole vyangu vilisimama. Nilimtazama. Alinitazama. Alijua nyumba ile ni ya nani, alikuwa amekula humo zaidi ya mara hamsini. Nilichapa. Nyumba moja ya Castle Vale, nukta.

Nyanya aliniomba nimsomee. Nilimsomea yote akiwa amefumba macho, mikono magotini. Nilipomaliza aliuliza, "Nyumba moja? Haina mwenyewe?"

Nilimwambia karatasi ilikuwa imejaa.

"Ah," alisema. "Basi." Akainuka kwenda kuangalia maharagwe. Hakulitaja tena mpaka kufa kwake, na mimi sikulitaja, na tulikaa nyumba moja miaka mingine kumi na mitatu na uongo ule katikati yetu.

Ndiyo maana mwezi uliopita, baada ya Misa, nilimfuata mwenyekiti mpaka maegesho ya magari. Amezeeka sasa, anatembea na mkongojo. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanipa pole ya msiba.

"Papa," nilimwambia, "jina la nyanya haliko."

"Mwanangu, orodha ni ileile ya siku zote."

"Ndiyo nasema haliko."

Hakuwa na ubaya usoni, hilo ndilo lililoniuma. "Lakini si wewe uliyeiandika?" aliuliza.

Alisema hoja yangu ataipeleka kwenye kamati, labda mwakani, kuna mambo mengi, kuna paa linavuja. Binti yake alimfungulia mlango wa gari.

Nimekaa na jambo hili wiki nne. Nimejiuliza ni nini hasa kimepotea, maana watu hawapotei wote kwa siku moja. Mama wa Uvira amehamia Kanada kwa mtoto wake. Padri yule amerudi kwao na sasa ni mtu mkubwa. Mwalimu wangu sijui kama yu hai. Nyumba yetu imepewa familia nyingine, wameweka zulia la kijivu na dishi la televisheni ukutani, na ni watu wazuri tu. Vijana wanaoimba kwaya leo wanadhani jumuiya ilizaliwa pale kanisani na maikrofoni tayari. Siwalaumu. Waliambiwa kilichoandikwa, na kilichoandikwa nilikiandika mimi. Watawa wale wa Ayalandi walau walifukuzwa kwa nguvu za wafalme. Sisi hapa hakuna aliyetufukuza. Tulimsahau mwanamke aliyetulisha akiwa bado amekaa mbele yetu, kwenye benchi la kwanza, anatuitikia "Marahaba".

Jumapili iliyopita nilikwenda mapema, nikaomba karatasi ile kwa katibu nikisema nataka kurekebisha makosa ya chapa. Hakuniuliza. Ninayo hapa mezani ninapoandika. Sijui kamati itasema nini, na nikikuambia siogopi nitakuwa nasema uongo mwingine. Lakini pale penye nukta nimefuta nukta, na nafasi ilikuwepo, nafasi ilikuwepo siku zote. Nimeandika kwamba nyumba ile ilikuwa ya Venansia Nabintu.